Mwavi wa Birika

Nywele za Bibi Mzungu ziligeuka kijani Jumapili asubuhi, na kabla ya adhuhuri Newala nzima ilikuwa imeshasikia, isipokuwa Halfani peke yake, naye ndiye aliyetia dawa kwenye maji. Alikuwa uani kwake anachonga mpini wa jembe. Alisikia mkewe anacheka huko mbele ya nyumba, akatabasamu bila kujua sababu, maana Somoe alikuwa hajacheka hivyo tangu vita vianze.

Aliyeleta habari alikuwa Julia, msichana aliyelelewa misheni na sasa akifua nguo nyumbani kwa Mzungu. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimeshuka shingoni.

"Shikamoo, Mama Mwanaheri. Baba Mwanaheri yupo?"

"Marahaba. Yupo uani. Una nini wewe, umefukuzwa na fisi mchana?"

"Nywele za Bibi zimekuwa kijani."

"Zimekuwaje?"

"Kijani, mama. Kama kisamvu. Si unazijua nywele zake zile, rangi ya ndevu za mahindi? Basi ameoga birikani, akakaa juani zikauke, akashika kioo. Amepiga ukelele hata Bwana akatoka na bunduki."

Ndipo Somoe alipocheka. Tusimlaumu. Uwanda wa Newala Mungu ameupa mchanga mwekundu, mihogo na upepo. Maji ameyaacha chini bondeni. Mwanamke wa huku huondoka na mtungi jogoo wa kwanza, akashuka ule mteremko, akapanda nao kichwani, na jua linamkuta bado yuko njiani. Bwana, mzungu wa serikali aliyewekwa hapa kusimamia kodi na barabara, alijenga birika la mawe nyuma ya nyumba ili mkewe aogelee, akaamuru wanawake walijaze. Walilijaza. Mtoto analia kiu nyumbani, mama anammwagia mtu maji ya kuchezea! Sasa mwanamke huyo huyo aambiwe kwamba mchezaji ametoka majini amekuwa kisamvu, asicheke? Somoe alicheka mpaka akaegemea nguzo.

Julia hakucheka.

"Bwana amemwita Akida," alisema.

Kicheko kikakatika hapo hapo.

Mwaka ule neno maji halikuwa la kutamka ovyo. Kule Umatumbi na Liwale watu walikuwa wamenyweshwa maji ya dawa, wakaambiwa risasi zitageuka maji, wakaingia vitani. Masasi, chini tu hapo, nyumba zilikuwa zimechomwa. Askari walisimama kila njia panda, wakimkamata mtu mwenye kibuyu wanamuuliza mna nini humu, na asipojibu upesi walimpeleka kwenye kamba ya kunyongea. Na Halfani kazi yake ilikuwa ni hiyo: kutia dawa kwenye maji ya Mzungu.

*

Walikaa uani watatu. Mwanaheri, mtoto wao, alilala mgongoni kwa mama yake.

"Ulitia nini?" Somoe aliuliza.

"Kama siku zote. Maji ya bondeni yana kutu, mekundu, wewe mwenyewe unayabeba. Natia shabu, ule wekundu unazama chini. Halafu kila Ijumaa nafunga mrututu kwenye kitambaa, naukokota majini mpaka utando wa kijani ufe. Kijiwe cha buluu, kidogo tu, kama nilivyoonyeshwa na Bwana."

"Kidogo vipi?"

"Kama ncha ya kidole."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Somoe alifikiri. "Maji yakipungua kwa jua, sisi tunaitwa tuongeze. Sawa?"

"Sawa."

"Jua likinywa maji, linakunywa na mrututu?"

Halfani aliinamia mpini wake. Alikuwa mtu mpole, mrefu, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kiyao waliohamia Masasi zamani, na alijivunia ile kazi kwa sababu ilikuwa na ufundi.

"Kama chumvi," Somoe aliendelea. "Tukichemsha magadi, maji yanakwenda, chumvi inabaki chunguni. Basi mrututu wako wa tangu masika umo wote mle, Baba Mwanaheri. Umempikia Bibi mchuzi."

"Lahaula," Halfani alisema polepole. "Sikulifikiri hilo. Walahi sikulifikiri. Nitakwenda nimweleze Bwana hivyo hivyo."

"Umweleze kwamba umemtilia mkewe mrututu wa miezi yote hiyo? Wakati huu wa vita? Una wazimu?"

"Basi niseme nini?"

"Hutasema kitu," Julia aliingilia. "Hilo ndilo nililotumwa. Bwana hataki maneno. Amesema alasiri uje birikani, watu wote waitwe, unywe yale maji. Kasema, 'Kama si sumu anywe, tuone.'"

"Tuone nini?"

"Sijui. Kasema tuone, kisha akaingia ndani kumbembeleza mkewe."

Somoe alishusha pumzi ndefu. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyepotea njia kisha akauona mti anaoujua.

"Kumbe ni mwavi," alisema.

"Aa, Mama Mwanaheri," Julia alisema. "Si hao hao wazungu waliopiga marufuku mwavi?"

"Wametukataza sisi kunyweshana. Wao wenyewe hawajajikataza."

Katika nchi hii hakuna aliyekuwa hajui mwavi, awe Mmakua, Mmakonde au Myao, awe amesilimu au hajasilimu. Mtu akishitakiwa uchawi, gome lile hupondwa, likatiwa majini, akanywa mbele ya wote. Akitapika, ni msafi. Waliomshitaki humlipa fidia na vigelegele hupigwa. Asipotapika, basi tumbo limeukumbatia uovu wake, na mara nyingi hafiki jioni. Serikali ilikuwa imeuzuia, lakini haikuwa imeutoa vichwani mwa watu.

Halfani alitikisa kichwa. "Mimi naona vingine. Mrututu unatapisha, naujua. Huyu mtu anataka kujua kama maji yana sumu. Nikinywa nikashikilia, nikasimama nikamwambia ahsante Bwana, maji mazuri, ataona hayana kitu. Tumbo langu gumu. Nitashikilia."

"Ushikilie?"

"Nitashikilia."

"Mbele ya Newala nzima unywe, usitapike, wakuone? Ukirudi nyumbani nani atakupa moto? Watasema Mzungu ameachia mchawi."

"Anayeninyonga ni Mzungu, siyo Newala."

"Na Akida ni nani? Si ndiye mdomo wa Mzungu? Si ndiye anayekaa pale kumweleza nani mwema nani mbaya? Akida anajua mwavi kama mimi na wewe. Kwa nini waite watu wote? Mtu anayetaka kuonja maji anaita kijiji kizima?"

Halfani aliugeuza mpini wake mkononi.

"Shangazi yangu alikunywa," Somoe alisema, na sauti yake ilibadilika. "Makote kule, nikiwa mtoto. Alikuwa msafi kama maziwa. Lakini wakweze walikuwa wamesimama pale, akaona haya kutapika mbele ya baba mkwe, akafunga mdomo hivi, kwa mkono. Nilimwona. Akaanguka hapo hapo. Haya yake ndiyo iliyomuua. Usinifanyie hivyo, Baba Mwanaheri. Nakuomba kwa huyu mtoto. Unywe mengi, utapike upesi."

Alilia. Halfani hakuwahi kuweza kushindana na machozi yake. Alimtazama Julia, naye akainua mabega. Misheni hawakumfundisha mambo hayo.

"Haya," Halfani alisema mwishowe. "Nitatapika."

Somoe akafuta macho, akasimama kama mwanamke mwenye kazi. Alikoroga uji mwepesi wa mtama, akautia chumvi nyingi, akauacha upoe. Akamlisha bakuli zima kwa mkono wake, akimwambia tumbo tupu halina cha kutoa. Halfani alikula akikunja uso, akamtania kwamba kwa upishi huu atatapika kabla hajafika. Wakacheka kidogo. Kisha akavaa kanzu yake safi na kofia, wakaondoka.

*

Birika lilikuwa la mraba, limepakwa chokaa, na maji yake siku ile yalikuwa ya kupendeza kuyatazama: buluu, angavu, chini kabisa unaona kila jiwe. Wanawake wa mitungi walikuwa wameketishwa upande mmoja mchangani. Mbele yao alikaa Mwanakombo, mama mtu mzima aliyekuwa kiongozi wao wa kushuka bondeni. Upande wa pili walisimama wanaume, na nyuma ya wanaume askari. Bibi alikaa barazani, kichwa kimezongwa taulo, macho yamevimba. Alikuwa msichana tu, kusema kweli, na alionekana anatamani watu wote waende zao.

Bwana alitoka na Akida Muharami. Akida alikuwa mtu wa pwani, mwenye kilemba na joho, na alitembea hatua moja nyuma ya Mzungu, ili Mzungu akisimama ghafla asimkanyage.

"Kofia," Bwana alisema.

Halfani alivua kofia yake akaishika mkononi. Askari Majaliwa akampokonya, akaitupa mchangani.

"Piga magoti."

Akapiga magoti.

Bwana alitazama huku na huku akitafuta chombo. Karibu na ngazi palikuwa na bakuli la bati la mbwa wake. Akalionyesha kwa fimbo. Majaliwa akaliokota, akamwaga mabaki ya mchuzi, akachota nalo birikani.

"Bwana," Halfani alisema kwa upole, "hilo la mbwa."

"Anasema nini?"

"Anasema ni la mbwa, Bwana," Akida alijibu.

"Ndiyo. La mbwa. Anywe."

Halfani alimtazama Akida, Mwislamu kwa Mwislamu. Akida alikuwa anapangusa vumbi kwenye joho lake. Wanaume kadhaa waliangalia chini. Halfani akasema bismillahi kwa sauti ya kusikika, akanywa.

Alikunywa bakuli zima. Majaliwa akachota la pili, akanywa nalo. Mdomo wake uliingia rangi, akajipangusa kwa kiganja. Kisha akatulia pale magotini, mikono mapajani.

Bwana alitoa saa mfukoni, akaifungua.

Hakuna kilichotokea. Uso wa Halfani ulikuwa umejikunja, jasho likamtoka kwenye paji, koo likapanda na kushuka. Akameza. Tumbo lake kweli lilikuwa gumu, kama alivyosema mwenyewe; liliyachukua yale maji na uji na chumvi, likakaa nayo. Wanaume walianza kutazamana. Mmoja alisogea nyuma hatua, asisimame karibu na mtu wa namna ile. Barazani, Bibi alimwambia mumewe neno kwa sauti ndogo. Bwana akamtazama Halfani, akatazama saa. Akakunja midomo, akaguna kama mtu aliyekubali bei asiyoipenda. Alikuwa ameshaanza kuifunga saa kuirudisha mfukoni.

Somoe hakuiona saa. Alimwona mumewe anakazana kufunga mdomo, na akamwona shangazi yake.

"Tapika!" alipiga kelele kwa Kimakua. "Baba Mwanaheri, usione haya! Tapika!" Akasimama, mtoto mgongoni, akajitia vidole viwili mdomoni kumwonyesha. "Hivi! Hivi!"

Wanawake wakaitikia. "Tapika! Toa! Msafi hutoa!" Mwanakombo naye akapiga makofi.

Halfani aligeuza macho akamtafuta mkewe, akamwona. Alimtii. Alitia vidole kooni, akainama, na yote yakatoka kwa kishindo: maji ya buluu, uji wa mtama, yote, mpaka ukingoni mwa birika. Akatapika tena. Akabaki anahema, kamasi zinamtoka, mwepesi kama mtoto aliyemaliza homa.

Vigelegele vikapasuka. Wanawake walisimama wote, wakacheza pale pale mchangani. Wanaume waliokuwa wamesogea nyuma wakasogea mbele, mmoja akaokota ile kofia, akaikung'uta vumbi. Somoe alilia kwa furaha, akapiga kigelegele kirefu kuliko wenzake. Na Halfani, mkono mdomoni, akainua uso akacheka.

"Nimetoka msafi," alisema. "Mama Mwanaheri, nimetoka!"

"Sumu," Bwana alisema.

Hakupaza sauti. Hata hivyo askari walisikia, wakasogea.

"Bwana," Akida Muharami alianza, "kwa watu hawa, Bwana, kutapika maana yake ni kwamba..."

"Nimekuuliza maana?"

"Hapana, Bwana."

"Ametapika au hakutapika?"

Akida aliwatazama wanawake wanaocheza. Alijua. Katika watu wote waliokuwapo pale, yeye peke yake alijua pande zote mbili, na kwa maneno matatu ya uanaume angeweza kuokoa roho ya mtu. Lakini nyumba yake ilikuwa ya serikali, na kilemba chake cha serikali.

"Ametapika, Bwana."

"Na hawa wanashangilia. Wamejua tangu zamani kuna nini mle, wote." Bwana aliwaonyesha wanawake kwa fimbo. "Wakae chini. Atakayepiga kelele tena afungwe naye."

Majaliwa na mwenzake walimshika Halfani makwapani, wakamsimamisha. Yeye alidhani wanamnyanyua kumwachilia. Alimpa Majaliwa shukrani, akanyoosha mkono apokee kofia yake kwa yule aliyeiokota. Wakampindua mkono huo nyuma, wakaufunga pamoja na mwingine. Hata kamba ilipokaza aliendelea kucheka kidogo, anawaangalia usoni mmoja mmoja, anangoja aelezwe.

"Mbona?" aliuliza. "Nimetapika. Mmeniona."

Somoe alikuwa bado anapiga kigelegele. Mwanakombo alimshika akamketisha, akamziba mdomo kwa kiganja.

*

Walimnyonga asubuhi iliyofuata. Wanawake waliamriwa kulikausha birika kwa kata na kulijaza upya, na maji yale mazuri ya buluu yalimwagwa mchangani. Bibi alikatwa nywele zote. Mrututu uliobaki Bwana aliufungia kabatini.

Matangani watu walikuja wengi, kwa sababu hawakuwa na shaka. Ingekuwa mchawi wasingekuja. Walileta unga, walileta mihogo mikavu, na mitungi ya maji waliyoibeba usiku huo kwa ajili ya Somoe peke yake. Kila aliyeingia alimwambia neno lile lile.

"Alitapika, Mama Mwanaheri. Sote tuliona. Msafi."

"Mzungu amemwonea, lakini Mungu na watu wameona."

Siku ya tatu alikuja Julia. Alikaa mkekani karibu na Somoe, akawa anazungushazungusha rozari yake.

"Sema," Somoe alimwambia. "Una jambo."

"Afadhali nisiseme."

"Julia, sema."

Julia aliinama sikioni mwake. "Jana nilikuwa natenga chai. Bwana alikuwa na Akida. Akida alimwambia habari ya mwavi, alimweleza yote, sasa yamekwisha ndiyo anaeleza! Bwana akacheka. Akasema ujinga huu umempotezea mtu wa birika, na mwingine hampati. Akasema alikuwa anataka asitapike. Angekaa hivyo kidogo tu angemwambia inuka, rudi kazini. Alikuwa ameshafunga saa."

Somoe alimtazama.

"Asitapike?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kidogo tu?"

"Mama Mwanaheri, nisamehe. Nilidhani ni haki yako kujua."

Somoe hakulia. Alimvuta Mwanaheri, akampakata, akaanza kumsuka nywele ambazo zilikuwa zimeshasukwa. Alizivuta kwa nguvu hata mtoto akalalamika kwamba anaumizwa.

"Usimwambie mtu," alisema baadaye. "Usimwambie hata huyu akikua. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa Mwanakombo na wanawake watatu wa bondeni, vichwa vimeinama, mikono imebeba unga. Walikaa, wakatoa pole. Kisha Mwanakombo alimshika Somoe goti.

"Mwanangu, jipe moyo. Mumeo amekufa na jina lake jeupe. Wewe ndiwe uliyempa nguvu pale. Kama si sauti yako angekufa na haya, kama shangazi yako. Alitapika, mwanangu."

Wanawake wengine wakaitikia kwa kichwa. Wote walimtazama Somoe wakingoja, kwa upendo.

"Ndiyo, mama," Somoe alisema. "Alitapika."